Harufu Tusiyoisikia

Lori lililopinduka kwenye barabara ya Mgeta lilimwaga mapipa ya dizeli katika kijito kilicholisha mfereji wetu. Siku ile tulifurahi, tukakinga mafuta kwa vibuyu ili tuwashie taa. Misimu miwili baadaye maji yalionekana safi, na mama aliosha liki, zile mboga za jamii ya vitunguu, humo kabla ya kwenda sokoni, kama zamani.

Mnunuzi alinusa fungu moja, akacheka. "Mama, hizi ni liki au utambi wa taa?"

"Unatafuta sababu ya kunikataa," mama alisema, akanigeukia. "Hebu nusa wewe."

Nilinusa kwa bidii. "Hazinuki," nikajibu, na sikusema uongo.

Tulirudi na mzigo mzima. Njiani tulipita kwa mama mkubwa, aliyeishi bonde la pili na kuchota maji mengine. Mama hakumweleza lolote, alimpa liki tu. Dada yake aliisogeza puani, akageuza uso. "Mdogo wangu, hamsikii harufu hii?"

Mama alikaa chini. Tulikuwa tukiyanywa maji yale kila siku, pua zikazoea. Kisha aliomba kipande cha shamba kule kwa dada yake, ingawa hakukuwa na mfereji. Alikilima mpaka alipofariki, akipandisha maji kwa debe kichwani.