Kijiko Mfukoni

Sheria ya daktari ilikuwa moja: mtu aliyepasuliwa tumbo naye lazima ale mbele yake. Kusimulia alichokula hakukutosha, wala kupanda kwenye mizani. Ale, naye amtazame. Kwa ajili hiyo alitembea na kijiko cha chai mfukoni mwa koti lake jeupe, na wauguzi, ambao hawakosi la kusema, wakambatiza Mzee Kijiko.

Alikuwa mpasuaji katika hospitali yenye korido ndefu iliyonuka dawa ya sakafu. Kazi yake ilikuwa kuwapunguza tumbo watu walioelemewa na uzito. Alasiri za kliniki aliketi katika chumba kidogo chenye dirisha lililotazamana na ukuta wa manjano. Jua liligonga ukuta ule, likarudi ndani taratibu na kukijaza chumba kama maziwa kwenye bakuli. Mgonjwa alifungua kontena lake la chakula, akala. Daktari alitazama koo likipanda na kushuka, mabega yakilegea. Sauti za korido zilififia, na akabaki kama aliye ndotoni, akimwangalia mtu mzima anayejifunza upya kumeza.

"Kwa hiyo utanikodolea macho nikila, kama mama mkwe?" aliuliza mwanamke mmoja, fundi cherehani, kabla ya kupasuliwa.

"Mama mkwe atataka uongeze, dada. Mimi nitataka uache."

Fundi alicheka hadi kiti kikalalamika. Daktari akamwahidi kwamba watakula pamoja.

Ahadi hiyo hakuitimiza. Wagonjwa waliongezeka, na mkurugenzi wa hospitali akamwita ofisini. "Bwana mkubwa, kazi yako ni kisu," alisema. "Mambo ya vijiko waachie watu wa lishe. Foleni ya upasuaji imefika getini."

Hoja ilikuwa na uzito. Mtaalamu wa lishe alikuwa mchapakazi na alijua kazi yake. Lakini ukweli usemwe: daktari alifurahi. Chumba cha upasuaji kilikuwa na usingizi wake mtamu, baridi na weupe, taa kubwa ikielea juu kama mwezi wa mchana, na mgonjwa aliyelala hamwulizi mtu swali. Kliniki kulikuwa na malalamiko na machozi. Akakiacha chumba cha ukuta wa manjano. Kijiko kilibaki mfukoni kwa mazoea tu, kikilia tingiti akitembea, hadi mpini wake ukatoboa kitambaa.

Tundu hilo ndilo lililompeleka kwa fundi.

Kibanda chake kilikuwa mtaa wa nyuma ya hospitali, kimejaa vitambaa vilivyoning'inia na kupepea polepole. Fundi alikuwa amepungua hadi karibu daktari ampite bila kumtambua. Majirani walimsifu. Kliniki walimsifu, maana mizani ilishuka kila alipokwenda.

"Mama mkwe huyo," alisema, akilipokea koti. "Umenitupa."

Daktari alicheka kidogo, akaketi. Cherehani ikaanza kunguruma, ule mngurumo unaomfanya mtu asinzie, kisha ikakwama. Ikaanza tena, ikakwama. Fundi aliinama kuangalia miguu yake ilipo juu ya pedali.

"Miguu imekuwa kama ya kuazima," alisema. "Ina ganzi, nakanyaga kwa macho."

Usingizi ukamtoka daktari. "Umekula leo?"

"Kuna mtindi hapo."

"Kula nione."

Akamkabidhi kijiko chake. Fundi alikula kidogo, akala tena, kisha mabega yakapanda. Akaweka mkono kifuani, akatoka nyuma ya kibanda. Daktari alimsikia akitapika. Aliporudi alikuwa anajifuta mdomo na kutabasamu, kama mwanafunzi aliyejibu vizuri.

"Si ndivyo ulivyoniwekea, Daktari? Kikizidi kirudi?"

"Sivyo, dada. Sivyo kabisa."

"Kliniki niliwaambia kinarudi kidogo. Wakaniambia nitafune vizuri. Natafuna."

Alasiri hiyo hiyo daktari alimshika mkono, wakaenda hospitali taratibu, fundi akitazama kila mahali anapokanyaga. Njia ya chakula, pale daktari alipoishona, ilikuwa imebanwa na kovu. Kutapika kwa muda mrefu kulikuwa kumemnyima vitamini zinazolisha mishipa ya fahamu. Walimdunga vitamini, na njia ikapanuliwa kwa kipira kinachovimbishwa ndani yake, bila kisu.

Mkurugenzi alijaribu kumtuliza. "Usijibebeshe lawama. Mtu wa lishe alikuwepo."

"Alikuwepo," daktari alijibu. "Hajawahi kuliona lile tumbo kwa ndani. Mimi niliyeliona nilikuwa wapi?"

Mwenye kuufungua mwili wa mtu hana ruhusa ya kugeuza mgongo kabla hajaona alichokifunga kinafanya kazi. Wengine wamsaidie, na wapewe heshima yao, lakini jicho lake liwepo.

Siku hizi Mzee Kijiko amerudi kwenye chumba cha ukuta wa manjano, na mtaalamu wa lishe huketi kando yake. Anapasua watu wachache kuliko zamani, na wanaosubiri wanasubiri zaidi.

Fundi anameza vizuri. Ganzi ya miguu haikuisha. Cherehani anaikanyaga mtu mwingine.