Uzi wa 'Malineo Unaota Upya

Saa mbili asubuhi, ukungu umelala juu ya banda la sufu, huko milimani Mokhotlong. Ndani ya banda kuna ukungu mwingine, mweupe zaidi, wa sufu iliyokatwa jana. 'Malineo Ramokoatsi amesimama katikati yake kama mtu aliyemezwa na wingu.

Anachomoa kishungi kimoja, anakishika ncha mbili, anakisogeza sikioni na kukivuta ghafla. Ting! Kizima. Kingine kinalia krr, kinakatika katikati.

"Huyu aliumwa wakati wa theluji," anasema. Kondoo mwenyewe hajamwona.

Akishavuta cha tano, anaketi. Siku hizi kila vishungi vitano huketi kidogo, kobo, blanketi lake zito, mabegani, akingoja pumzi irudi kama mtu angojavyo ng'ombe jioni.

Ana miaka hamsini na miwili. Amechambua sufu misimu ishirini na sita, kwa ujira wa maloti mia na hamsini kwa siku, na msimu wenyewe ni miezi mitatu tu. Mafuta ya kondoo yamemlainisha viganja.

"Mikono yangu ya bibi harusi," anasema akicheka, "kifua changu cha ajuza."

Kifua hicho kina presha ya mapafu. Mishipa ipelekayo damu mapafuni imebana, moyo unasukuma kama farasi mwenye mzigo mlimani. Zahanati ilimpa vidonge, na kadi ya kuandikia vipimo. Miaka miwili iliyopita, lehemu yake, yaani mafuta ya damu, ilikuwa nne nukta sita.

Akasikia kwenye mkutano wa kijiji kwamba mafuta huua moyo. Basi kila kondoo alipochinjwa, kwenye harusi au msiba, kipande chake cha mkia alikigawa kwa jirani. Mwezi wa tano mwaka huu kadi ikasema mbili nukta nne.

Walipokutana kufagia banda kabla ya msimu, aliitundika kadi kwenye msumari, wote waione. Ntate, yaani Mzee, Sekhonyana, mfunga marobota, akaisoma kwa sauti.

"'M'e, mama yetu, umekuwa msichana! Tukutafutie mchumba?"

"Mtafute mwenye farasi. Wewe una magoti tu."

Banda zima likacheka. Naye moyoni akajihesabu amepona. Safari ya kufuata vidonge, saa mbili juu ya farasi, akaiacha. Miezi miwili ikapita hivyo, mitamu kama usingizi wa asubuhi.

Mwezi wa nane alishindwa kufunga pini ya kobo lake. Miguu ilikuwa imevimba, midomo imegeuka rangi ya majivu. Thakane, mke wa mwanawe, aliichukua kadi msumarini, akampandisha farasini na kutembea kando yake njia nzima, akimshika kiuno.

Zahanatini, Nesi Puseletso aliitazama kadi, hakucheka.

"'M'e, nani alikuambia hii ni habari njema?"

"Si mafuta yamepungua, mwanangu?"

"Kwa mwingine ningepiga vigelegele. Kwa mwenye ugonjwa wako, yakishuka hivi yenyewe, sisi tunaogopa. Wengi waliofika hapo walizidi kudhoofu."

"Basi nile mkia wa kondoo nipone?"

"Hapana. Mkia si dawa, na kuuacha tu hakuwezi kuyashusha hivi. Namba inatuonyesha tu kwamba mwili umechoka. Dawa ni hivi vidonge ulivyoviacha, na hewa nitakayokupa sasa."

'Malineo aliitazama milima dirishani, ikielea ukunguni.

"Kama sufu," akasema.

"Sufu gani tena?"

"Kondoo akiumwa, uzi wake unakonda. Mwenye kondoo haoni, anaona weupe tu. Mimi navuta, nasikia. Miaka ishirini na sita nasikia habari ya kondoo, yangu nimeitundika kwenye msumari!"

Nesi ndipo akacheka, naye mgonjwa akacheka mpaka akakosa pumzi, nesi akamvalisha barakoa ya hewa.

Sasa hakosi vidonge. Thakane huvifuata kila mwezi, na bandani anafundishwa kazi. Leo amevuta kishungi, kimekatika, anataka kukitupa.

"Ngoja, binti. Shika hicho kipande cha upande wa ngozi. Kimeota baada ya ugonjwa. Kivute."

Thakane anakisogeza sikioni. Ting!

"Umesikia? Palipokonda hapanenepi tena. Ila kinachoota baada ya hapo kinaweza kuwa kizima."

Kipimo kingine ni mwezi wa kumi na mbili, marobota yakishateremshwa. Nesi hajamwahidi kitu. 'Malineo anataka namba ipande hata kidogo, na anataka msimu ujao asimame hapa kwenye meza ya kuchambulia, avute vishungi kumi kabla ya kuketi.

"Kumi tu," anasema.

Anajifunika kobo, anainuka, anachomoa kishungi cha sita.