Sauti ya Pili na Makoloni Kumi na Matatu

Kwaya yetu iliwahi kuimba makoloni yote ya kwanza ya Waingereza, kuanzia Virginia mpaka Georgia, kwa sauti nne, na kucheza tukacheza. Ukibisha, njoo Adelphi, huku Maryland, uulize. Wimbo niliutunga mimi, mama mwalimu wa kwaya, na mpaka leo nikiukumbuka nikiwa kazini kule bohari ya Landover, nasukuma zangu toroli, miguu inaanza yenyewe.

Chanzo cha wimbo ni mama mmoja wa sauti ya pili, Mkongo wa Uvira. Siku za kazi yuko Lanham anatunza wazee wa watu, anawaogesha na kuwalisha. Kila Jumapili baada ya ibada anatoka nje na simu kumpigia mama yake mzazi aliyebaki Uvira. Bibi yule kazeeka, macho yamefifia, na kila simu inaishia kwenye swali moja: unakuja lini? Binti kwenda hawezi. Aliingia Marekani kama mkimbizi, na mkimbizi akirudi nchi aliyoikimbia anaweza kujiharibia kila kitu. Ilibidi apate uraia kwanza, ndipo pasipoti, ndipo ndege. Na uraia una mtihani wa mdomo, kwa Kiingereza, mbele ya ofisa. Alikuwa ameshaufeli mara moja. Angefeli na ya pili, angeanza safari nzima upya, na mama yake hakuwa na umri wa kumsubiri aanze upya.

Kilichomwangusha ni makoloni. Nani walikuwa hapa kabla ya Wazungu, Waingereza walifuata nini, majimbo ya kwanza ni yapi.

"Mwalimu, ile majina inaingia sikio hili, inatokea hili," aliniambia siku moja baada ya mazoezi, machozi yanamlengalenga. "Miye kichwa yangu iko nzito."

Nikamkatisha. Sisi Wahehe tunasemwa hasira zetu zinakaa puani, na mimi sikatai. "Kichwa kizito gani? Wewe si ndiye unayeimba nyimbo za beti kumi bila kushika karatasi? Kiswahili, Kirundi, Kilingala, zote?"

"Ile ni kuimba, mwalimu."

Loo! Hapo nikaruka. Nilipiga makofi mpaka watu wa besi waliokuwa wanavaa makoti wakageuka. Kumbe dawa tunayo mkononi! Nikawaambia hakuna kuondoka mtu, vueni makoti, tuna wimbo mpya.

Mimi historia ya Marekani sikuijua, lakini tulikuwa na Mjomba. Ni mzee Mmarekani mweusi anayeimba besi. Alisoma Kiswahili ujanani kwa mapenzi tu, na anakizungumza kwa adabu mpaka sisi wenyewe tunajirekebisha. Akisimama kuomba maji anasema, "Naomba radhi, ndugu zangu, nina kiu." Nilipomweleza shida alikaa kitini akacheka kwa furaha. "Mwalimu," akasema, "nimeishi miaka yote hii Maryland nikingoja mtu aniulize habari hizi kwa Kiswahili."

Jumamosi iliyofuata alitupakia kwenye gari lake, mimi na Mama wa Uvira, akatupeleka kusini mpaka kule mtoni ambako Waingereza wa Maryland waliweka makao yao ya mwanzo. Pana meli iliyojengwa kwa mfano wa zile za kale. Mama wa Uvira aliizunguka, akachungulia tumboni mwake, akatoka amekunja uso. Kwao watu ni "bantu".

"Kweli bantu balivuka bahari na hii?"

"Naam. Miezi kadhaa," Mjomba akamjibu. "Wengi wa wakubwa wao walikuwa Wakatoliki. Kwao Uingereza walikuwa wakibanwa kwa ajili ya dini."

"Ah! Basi ni wakimbizi." Akachangamka kabisa, akanishika mkono. "Miye nilivuka Tanganyika usiku, tumejaa kwenye boti, mpaka Kigoma. Hawa ni bantu kama miye!"

Mjomba hakumkatalia. Alituonyesha nyumba za wenyeji zilizojengwa upya kwa magome, akatueleza kwamba wenyeji wa hapo waliwapisha hao wageni sehemu ya kijiji chao, wakalala kwenye nyumba zilezile, wakala mahindi yaleyale. Halafu akasema, "Ninyi mna methali yenu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Basi hawa siku ya tatu walichukua shamba. Na jembe wakampa babu yangu."

Ukoo wake umelima tumbaku huko huko kusini, vizazi na vizazi, na wa kwanza wao hakuja, aliletwa. Mama wa Uvira aliuachia mkono wangu akaenda akaushika wa Mjomba. Tulirudi hivyo mpaka kwenye gari, na humo garini ndipo nilipoanza kutunga. Nilikuwa nagonga dashibodi kama ngoma, na Mjomba ananisihi nisimvunjie gari.

Ubeti wa kwanza ulikuwa wa wenyeji waliokuwapo. Wa pili, Waingereza walikuja kutafuta nini: uhuru, ardhi, dini, utajiri. Wa tatu, wale walioletwa kwa minyororo. Kiitikio ndiyo makoloni yenyewe, kumi na matatu, na pale kwenye Massachusetts nikaweka mruko wa hatua mbili kulia, maana jina lile bila kuruka halitoki. Maneno yote Kiingereza, mwendo wa kwetu. Kwaya ilishika moto! Vijana wanaotujibu Kiingereza kila tukiwasemesha Kiswahili walijaa mlangoni na simu zao, wanarekodi. Na katikati ya sauti ya pili Mama wa Uvira alikuwa ananguruma, Connecticut, Delaware, hakosei hata herufi. Nilijiona nimemaliza kazi.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe ya mtihani tukamfanyia jaribio. Mjomba alivaa tai akakaa nyuma ya meza, ndiye ofisa. Akauliza kwa Kiingereza, taratibu kabisa: taja matatu kati ya makoloni ya kwanza.

Kimya.

Akauliza tena. Mama wa Uvira anamtazama, midomo imefunguka kidogo, kifua kimejaa pumzi, hatoi kitu. Mjomba akabadilisha: kwa nini Waingereza walikuja? Kimya. Nikaingilia kati.

"We mama, una nini? Jana umeimba yote! Unataka kuniua kwa presha?"

Akanigeukia, kashangaa kuliko mimi. "Lakini mwalimu, sauti ya kwanza haiyaanza."

Ndivyo nilivyowafundisha, wiki baada ya wiki, kwa ukali wangu wote: sauti ya pili haianzi. Sauti ya pili inangoja ya kwanza iingie, ndipo inaingia chini yake. Wa sauti ya pili akitangulia namsimamisha mbele ya wote. Kwa hiyo ofisa anauliza, mama wa watu anavuta pumzi, anasubiri wale mabinti wa sauti ya kwanza waseme Virginia. Na huko Baltimore kwenye chumba cha ofisa, mabinti hawatakuwapo!

Nilicheka, halafu woga ukanishika. Wiki moja tu, jamani. Mjomba alivua tai akasema, "Basi, mwalimu, dawa ni moja. Mpe aanze yeye."

Jumapili ile nilimtoa Mama wa Uvira kwenye mstari wa pili nikamweka mbele, peke yake, mbele ya kanisa zima. Alikataa, akatikisa kichwa, akaniambia atakufa. Nikamwambia afe baada ya wimbo. Tulipanga hivi: mimi nauliza kwa kusema tu, hakuna ala, hakuna sauti ya kwanza, yeye ndiye anafungua. Nikauliza. Akanitazama kwa muda mrefu, mpaka nikaanza kusali moyoni. Halafu akafumba macho akafungua mdomo, na "Virginia" ikatoka, nene, ya kifuani. Kanisa lililipuka! Akina mama wa Kirundi walipiga vigelegele mpaka mchungaji akakaa awangoje. Nilikuwa sijawahi kuisikia sauti ile ikiwa peke yake, na wallahi ilikuwa nzuri kuliko za mabinti wote wa sauti ya kwanza.

Siku ya mtihani mimi na Mjomba tulimpeleka Baltimore. Njia nzima Mjomba alimsihi: "Sema, ndugu yangu, usiimbe. Sema tu." Naye anaitikia, ndiyo, ndiyo. Alipoitwa jina, alinipa simu yake niishike. Mlango ukafungwa nyuma yake.

Mimi siwezi kukaa. Nilisimama, nikaketi, nikasimama tena, mlinzi ananitupia jicho. Mjomba alikuwa anapiga mapigo taratibu kwa kidole kwenye goti. Muda ukaenda. Nilijua kabisa kimya kile kiko huko ndani, kifua kimejaa pumzi, anangoja.

Ndipo nikaisikia. Kupitia ukutani, naapa, ile sauti nene: Virginia!

Sikujizuia, na wala sikujaribu. Nilisimama nikaingia na sauti ya kwanza, Massachusetts, na hatua mbili kulia, na Mjomba, mzee wa adabu zake, akaingia na besi akiwa amekaa vilevile. Watu wa mataifa yote kwenye viti wanatukodolea macho. Mlinzi alikuja mbio. "Mama, keti! Keti, tafadhali!" Niliketi, lakini Georgia nilimalizia.

Mlango ulipofunguliwa, ofisa, dada mmoja wa makamo, alikuwa ameshika mdomo asicheke. Alituambia kwamba yeye aliomba matatu tu, akapewa yote. Mama wa Uvira alikuja nyuma yake ameinua karatasi juu kwa mikono miwili. Amefaulu! Nilimkumbatia nikamwinua juu, na yeye si mwepesi. Mjomba alitoa kitambaa akajifuta macho waziwazi.

Hatukufika hata kwenye gari. Alipiga simu pale pale kwenye maegesho, ameiweka kwa sauti ili nasi tusikie. Uvira ilikuwa jioni. Bibi aliitikia kwa mbali, na binti yake akamwambia kwa kupiga kelele kwamba mtihani umeisha, ameshinda.

"Balikuuliza nini?" bibi akauliza.

"Baliniuliza juu ya nini Waingereza ba kwanza balikuja huku."

"Ukasema?"

"Nikasema balikimbia mateso. Balitafuta uhuru na udongo."

Mjomba alikuwa ameinama karibu kusikiliza.

"Na balirudi," bibi akasema polepole, "kuona bamama yabo?"

Mama wa Uvira alitutazama, mimi kisha Mjomba. Safari hii hakumngoja mtu aanze.

"Ile habakuniuliza, mama," alisema. "Lakini miye niko nakuja."