Lori Lililopiga Honi Kila Nikikanyaga Breki

Aibu hii nilitaka nife nayo, lakini siku hizi kila mtu anaisimulia anavyotaka (wapo wanaosema nilikuwa nimelewa), kwa hiyo bora niiseme mwenyewe.

Zama zile za vijiji vya Ujamaa nilikuwa dereva wa lori kuukuu la kijiji chetu, Malindi ya huku Lushoto, na asubuhi moja nimeshapakia kabichi za kuwahi treni Mombo, kiti cha mbele kaketi Mzee Zuberi, baba wa binti niliyempelekea posa na jibu bado, ndipo nikagundua taa za breki haziwaki. Polisi wa Mombo wasingenipitisha. Nikabadilisha balbu, wapi. Nikakwangua kutu, wapi. Nikaingiza kichwa chini ya usukani, nikakuta waya umekatika pale kwenye pedeli, nikauunga na ule niliodhani ndio mwenzake. Nikakanyaga. Taa zikawaka, na honi ikalia. Fundi wetu alikuwa amekwenda Mlola kuoa, jua linapanda, mkwe mtarajiwa ananitazama, basi nikamwambia kwa sauti ya mtaalamu kwamba magari haya ndivyo yalivyo, tukaondoka.

Sasa ile barabara ya kushuka kutoka Lushoto mnaijua, kona juu ya kona, breki huiachii, tukashuka tukipiga kelele mlima mzima. Karibu na Soni watu walikuwa wamejipanga na ngoma wakimsubiri mgeni rasmi aje kufungua bomba la maji, na waliposikia honi kona ya juu, nani angetia shaka? Vigelegele vikapaa. Nikapunguza mwendo nisije nikaumiza mtu (yaani breki, yaani honi), nao wakazidi kucheza katikati ya njia, mpaka nikasimama kabisa, mguu juu ya pedeli kwa sababu breki ya mkono ilikufa zamani, honi ikilia bila kupumua.

Mwenyekiti wao akafungua mlango, akamkuta mzee wa kanzu nyeupe na koti, akamvisha shada la maua. Nikajaribu kueleza, sauti ikamezwa na honi. Mzee Zuberi akaniinamia sikioni, akaniita bwana kwa kilugha chetu.

“Mghoshi, watu wamefurahi. Usiwaharibie.”

Akashuka, akafungua bomba, maji yakaruka, akina mama wakacheza hadi kanga zikalowa.

Mara Landrova ikasimama nyuma yangu. Mgeni rasmi mwenyewe, kijana tu, akaja mpaka bombani, akamwamkia mzee shikamoo, akauliza (haya mzee alinisimulia baadaye) maji yakoje.

“Matamu, mwanangu. Karibu unywe.”

Akanywa, akacheka hadi akashika kiuno, kisha akaniashiria nizime kelele. Nikamwonyesha mguu. Watu wakaweka mawe chini ya magurudumu, nikaachia breki, na kimya kikashuka ghafla hivi kwamba umati wote ukanisikia nikilia, “Mniwie radhi, mimi nabeba kabichi tu!”

Treni tuliikosa. Mzee Zuberi alicheka mpaka Mombo, na kabla hatujashusha mzigo akaniambia nilete wazee wangu, kwani hajapata kupewa heshima kama ile tangu azaliwe. Mke nikapata, lakini niliapa: waya nisioujua siugusi tena, na gari likigoma namsubiri fundi, hata kabichi ziote maua.