Chebet Alikataa Kuwasha Mashine

Ndugu zangu, naitwa Wafula, na huu mkono wa kulia mnaouona nusura ukatwe. Kabla ya ajali nilikuwa natoboa vyuma kwenye karakana moja hapa Nakuru, na nilijiona mjuaji kweli kweli. Mashine yangu ina kichwa kizito kinachopandishwa na kushushwa na mota. Ndani ya mota kuna breki ya kukishikilia kikishasimama, si ya kukisimamisha kikiwa mbioni. Niliambiwa hayo, nikapuuza. Saa ya chai ikifika, kichwa bado kinashuka, mimi nagonga kitufe chekundu cha dharura, breki ikikamate papo hapo, ili niwahi foleni ya chai. Breki ikaisha polepole, nami sina habari.

Asubuhi moja nilizima mashine, nikaingiza mkono kutoa chuma kilichokwama. Kichwa kikateleza, kikanishukia. Nilisikia mifupa ikivunjika. Vidole vikawa vyeusi, nikatapika pale pale.

Wenzangu wakapiga kelele, "Washa kiinuke!" Chebet, fundi wetu wa umeme, akasimama mbele ya swichi. "Hakuna kuwasha. Breki ikifunguka kabla mota haijashika, kitamshukia tena. Leteni jeki ya lori."

Nilimtukana, sitaficha. Yeye akainua kile kichwa kwa jeki, kidogo kidogo, akiniambia, "Pumua, Wafula. Usivute." Sijaona mtu mtulivu vile.

Hospitalini daktari alisema, "Kingeshuka mara ya pili, tungekata." Nikawekwa vyuma mfupani. Kidonda kikatoa usaha, homa ikapanda, mke wangu akawa ananilisha na kunifunga zipu, mimi jitu zima. Mazoezi ya vidole yalinitoa machozi kwa miezi, kisha vikaanza kukunjika.

Siku hizi Chebet anapima breki kila Jumatatu, na hakuna anayeingiza mkono kabla kichwa hakijaegemezwa kwa nguzo ya chuma. Wewe unayefanya kazi chini ya kitu kizito, usiridhike kuzima swichi. Kiegemeze kwanza. Na wewe unayefanya mazoezi huku ukilia, lia, lakini usiache. Namshukuru Mungu, na mke wangu.

Siku niliyorudi kazini nilimpa Chebet mkono huu huu, nikaanza kuomba msamaha kwa yale matusi. Akanikatiza. "Finya," akasema. Nikafinya. "Kaza." Nikakaza, hadi akasema, "Basi, unaniumiza."

Sijawahi kufurahi hivyo kumuumiza mtu.