Nywele za Wifi Yangu

Nilisikia vibanio kabla sijamwona mtu. Vilikuwa vikigongana ndani ya bakuli la bati, kimoja kimoja, bila haraka, na katikati ya mlio mmoja na mwingine palikuwa na kimya kifupi cha vidole vinavyofanya kazi. Nilisimama nje ya pazia la mlango wetu, pale Rumonge, begi begani, vumbi la safari miguuni, nikasikiliza. Kisha ikaja sauti ya mama, ile nyembamba anayoitoa akiwa amebana kitu kwa meno.

"Inama kidogo, mwanangu. Hapo hapo."

Kwa muda wa pumzi moja niliamini ananiambia mimi.

Nikafunua pazia. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, na katikati ya magoti yake, juu ya mkeka, alikaa mke wa kaka yangu, macho ameyafumba, shingo imelegea kama ya mtoto aliyeshiba. Mama alizungusha shungi la nywele kwenye vidole viwili, akalilaza juu ya ngozi ya kichwa, akalibana. Ndipo akaniona.

"Umefika! Subiri nimalizie upande huu."

Nikasubiri. Nilikuwa nimetoka Bujumbura, sikuwa nimekanyaga nyumbani tangu Pasaka, na nikasubiri upande huo umalizike.

"Wifi, amahoro," alinisalimu yule wa magotini bila kugeuza kichwa, maana hakuruhusiwa kukigeuza. Alifumbua jicho moja. "Hee! Nywele zako zimepigana na nani mu njia?"

Mama akacheka. Nami nikacheka, kwa sababu wifi akikutania huna ruhusa ya kukasirika. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimekaa saluni mpaka mgongo ukaniuma, wakaniseti mawimbi makubwa yanayong'aa, yakanifika mabegani. Nilitaka mama ayaone. Dirisha la basi halikufungika, upepo wa ziwa ukaingia kama mwenye nyumba, na tulipopita Magara, pale wanawake wanapoanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, mawimbi yalikuwa yamekwisha kulala. Nilifika nyumbani na kitu kama ufagio uliolowa.

Kaka yangu hununua mawese huku na kuyauza barabara nzima mpaka Nyanza-Lac, kwa hiyo wiki nzima huwa hayupo. Jioni za nyumba ile ni za mama na mkewe. Hilo nililijua. Sikujua tu kwamba wanazitumia hivi.

Asubuhi iliyofuata niliziona nywele za wifi zikifunguliwa. Mama alitoa vibanio, akapitisha vidole, si kitana, vidole tu, na wimbi moja pana likashuka juu ya paji la uso, likazunguka sikio, likajikunja kwa ndani karibu na taya. Ni mtindo wa wanawake wa picha za zamani. Tuna picha moja kama hiyo ukutani: mama akiwa msichana, Kigoma, wakati familia yetu ilikuwa bado uhamishoni, amevaa gauni la mikono mifupi na nywele zake zimekaa hivyo hivyo. Nimeitazama picha hiyo maisha yangu yote. Wifi aliitazama miezi michache tu, akasema, "Mama, mimi nataka ya mu picha ile." Basi mama akafungua sanduku lake, akatoa bigudi, zile silinda ndogo za kuzungushia nywele mbichi, ambazo sikuwahi kujua kwamba bado anazo.

Hilo neno "mama" nalo lilinichoma. Kijijini kwao, Gatete, mama wa mume huitwa mabukwe. Ni neno zuri, lina heshima, na lina umbali wake. Mbona hakulitumia?

Nikaanza kuchunguza. Nilijiambia kwamba nataka kujifunza, na kweli nilijifunza, kwa macho ya mtu anayetafuta kosa. Nywele zilioshwa Jumamosi, zikapakwa maji mazito ya bamia zilizochemshwa, zikazungushwa kwenye bigudi na kukaushwa juani, uani, kwa kuwa umeme wetu si wa kutegemea. Baada ya hapo hazikuguswa na maji tena. Kila jioni kila wimbi lilirudishwa mahali pake, likabanwa, kichwa kikafungwa kitambaa cha satini. Asubuhi mama alipasha tone la mafuta katikati ya viganja vyake, akazigusa ncha tu. Akienda kuoga, wifi alivaa kofia ya plastiki. Akienda sokoni, alijifunga kilemba chepesi, upepo wa ziwa usimguse. Ilipofika Jumatano zilikuwa bado kama za Jumamosi. Nilitamani ziwe zimeharibika hata kidogo. Hazikuharibika.

"Mvuke unaua seti," mama alisema siku ya kwanza, akamwondoa wifi mbele ya jiko. "Toka hapo. Dada yako atasonga."

Nikasonga. Mvuke wa ugali ukanipanda usoni, ukaingia ndani ya ule ufagio wangu, na kupitia dirisha la jikoni nikawasikia wanavyozungumza uani.

"Mama, enzi zenu mulitumia hii bamia?"

"Bamia tumeijua juzi. Sisi tulitumia maji ya sukari. Nywele zikikauka zinakuwa ngumu kama bati."

"Sukari! Na wadudu je?"

"Walikuja, wasije? Dada yangu aliamka asubuhi moja, sisimizi wamepanga foleni kutoka mguu wa kitanda mpaka sikioni."

"Weee, mama!"

"Nakwambia! Akaenda kanisani anajikuna. Padri akadhani ana mapepo."

Walicheka mpaka mama akakohoa. Mimi nilishika mwiko. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia hadithi hiyo, nami ndiye mwanawe wa kumzaa, na niliisikia kwa sababu mtu mwingine aliuliza.

Nimejaribu mara nyingi kuueleza wivu ule, na kila ninapoanza unakuwa mdogo na wa aibu, kama nguo ya ndani iliyoanikwa mbele ya wageni. Sikuwa namchukia wifi. Alikuwa mcheshi, mkarimu, alinipa kitanda chenye chandarua kizima. Lakini kila jioni jua lilipoinama upande wa Kongo, alipochukua mkeka wake na kwenda kuketi pale, kitu ndani yangu kilisimama kwa miguu yote miwili. Niliyatazama magoti ya mama, yamefunikwa kitenge, yamemkumbatia kwa pande zote, na nilijua kwa yakini kwamba mimi sijawahi kukaa hapo kwa starehe.

Kichwa changu mama alikijua kwa mkasi. Mtoto wa shule hafugi nywele; ndivyo ilivyokuwa kule Tanzania na ndivyo ilivyokuwa tuliporudi. Kila muhula ulipokaribia aliniketisha nyuma ya nyumba, akanikata mpaka karibu na ngozi, haraka, maana kulikuwa na sufuria jikoni na nguo za kufua. Akinipuliza shingoni kuondoa vipande, tumemaliza. Nilipohitimu na nywele zikaota, nilikuwa Bujumbura, naketi mbele ya wanawake ambao mikono yao niliilipia.

Siku ya Alhamisi nilishindwa kujizuia. Binti wa mama mdogo alikuwa anaolewa Jumamosi, hapo hapo mjini, na wote tulikuwa tumealikwa. Mama alikuwa akichambua maharage.

"Mama, na mimi uniseti."

Aliinua uso. "Wewe? Si una mafundi wako wa mjini?"

"Nakutaka wewe."

"Bigudi zangu zinatosha kichwa kimoja."

"Kimoja ndicho ninachokiomba," nikasema, na sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyopanga. "Za wifi zimedumu. Hazioshwi wiki hii."

Wifi alikuwa mlangoni. "Ni kweli, mama. Zangu ziko sawa. Mupe wifi, mimi nitangojea."

Kwa hiyo hata hilo nililipata kwa hisani yake. Na kama nywele zake zisingekuwa hodari kiasi kile, nisingelipata kabisa.

Ijumaa asubuhi nikaketi kwenye mkeka. Sitaificha furaha yangu. Maji ya bamia yalikuwa baridi, yakateleza mpaka kwenye nyusi. Magoti ya mama yalikuwa na joto. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akakigeuza kushoto, akakigeuza kulia, kisha akatulia, nami nikahisi vidole vyake vinatafuta njia. Kwa wifi vilikuwa vinakwenda vyenyewe. Kwangu vilisimama kila baada ya shungi moja, vikauliza.

"Una kisogo cha baba yako," alisema mwishowe. "Nilikuwa nimekisahau."

"Umenikata nywele miaka yote, mama."

"Kukata ni kukata. Nilikuwa naangalia mkasi."

Alivuta shungi lingine, akalizungusha. Niliumia kidogo karibu na sikio na sikulalamika, kwa hofu kwamba atainua mikono.

Nilikaa juani mpaka mchana. Bigudi zilipotolewa, mama akalilaza lile wimbi juu ya paji langu, akarudi nyuma hatua moja, akatazama ukutani, kwenye picha, halafu akanitazama mimi. Wifi akapiga vigelegele peke yake. "Aaah, wifi! Sasa unafanana na mutu!"

Arusini tulikaa watatu kwenye kiti kimoja kirefu, mama katikati. Kulikuwa na mke wa muuza duka aliyehamia jirani yetu mwaka huu, mama wa Kiislamu wa zile familia za Kiarabu zilizokaa mwambao huu tangu zamani, mwanamke ambaye hakosi neno. Alitusalimia, akatushika mikono, akatazama vichwa vyetu vitatu.

"Mashallah! Nani kawapamba hivi?"

"Mama," nikasema.

"Mama," akasema wifi, wakati ule ule.

Yule jirani akatabasamu, akampapasa wifi shavuni. "Huyu binti yako namjua, kila siku nawaona pamoja." Kisha akanigeukia mimi kwa upole wa kupokea mgeni. "Na wewe ndiye mke wa kijana? Karibu sana Rumonge."

Wifi aliangua kicheko mpaka akafunika uso kwa mtandio. Mama alimsahihisha, akacheka pia, na jirani akaomba radhi mara nyingi. Nikasema si kitu. Soda yangu ilipoteza ladha. Watu walizisifu nywele zangu mchana kutwa, na kila aliyezisifu nilimwona akiangalia kwanza za mwenzangu.

Jioni ile, tuliporudi, mama alimbana wifi kwanza, kwa mazoea, kisha mimi. Mikono ilikuwa imechoka. Nikahesabu bila kutaka: kwangu alitumia vibanio vichache zaidi.

Nilikuwa nimepanga kurudi Bujumbura Jumapili. Baada ya misa nilichukua kioo kidogo, nikaenda chumbani, nikajaribu kujibana mwenyewe, ili nione nitakavyoishi nazo kule. Mbele niliweza. Pembeni niliweza. Nyuma, kwenye kisogo, mkono ulipinda ukaishiwa nguvu, mawimbi yakanitoroka, vibanio vikaniangukia mgongoni. Nilirudia mpaka mabega yakawaka moto. Kichwa cha namna hii kinahitaji mtu wa kuketi nyuma yako kila jioni. Mafuta yanauzwa, satini inauzwa, bamia zimejaa sokoni. Jioni za mama haziuzwi, na mwenye nazo alikuwa ukumbini, anaimba, anakung'uta mkeka.

Ilipokaribia jioni nikatoka, nikaketi kwenye ukumbi.

"Wifi, si unarudi leo?" aliuliza.

"Nitarudi kesho."

"Juzi ulisema leo."

"Juzi sikuwa na nywele."

Alicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi, na alitandika mkeka mbele ya kigoda cha mama kabla sijainuka. Nami nikashuka kwenye kiti, nikaketi juu ya mkeka huo huo, upande wa pili. Magoti yetu yaligusana. Hakuna aliyesogea.

Mama alitoka chumbani akiwa amejifunga kitenge kipya. Alitutazama kama mtu anavyotazama maziwa yanayotaka kufurika.

"Nani anaanza?"

"Mimi," nikasema.

"Mimi," akasema wifi. Halafu, taratibu, "Mimi ndiye wa kila siku, mama."

"Ndiyo maana," nikasema. "Wewe ni wa kila siku."

Mama hakukaa. Aliokota ndala zake karibu na ukuta.

"Tangu afike huyu mnanipimia vidole," alisema. "Huyu akipata kibanio, yule anahesabu. Mnafikiri sioni?"

"Mama, mimi sijasema kitu," wifi akaanza.

"Wewe ndiyo unyamaze kabisa." Akanigeukia. Sikuwahi kuona macho yake yakinikaribia vile. "Na wewe. Picha iko pale ukutani tangu hujajua kusoma. Mwenzako aliniomba. Wewe umekuja kuniomba Alhamisi, leo unazitaka zote kwa mara moja."

Nikavuta bakuli la vibanio karibu nami.

"Naenda kunywa kahawa kwa jirani," akasema. "Aliyemwita binti yangu mgeni ana deni la kunipa kahawa."

"Na kisogo changu?" Ilitoka kwa sauti ya mtoto.

"Kiko mbele ya macho ya wifi yako. Na cha kwake kiko mbele ya macho yako. Mna mikono minne hapo."

Wifi alinitazama. Mimi nilimtazama. Alikuwa na hasira, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, na nikaelewa kwamba naye wiki nzima alikuwa akinihesabia. Mama aliinua pazia, akatoka, na mlango wenyewe, ule wa mbao ambao mchana hatuufungi kamwe, akauvuta nyuma yake mpaka ukagonga fremu.