Poda ya Kwenda Masoko

Harufu ya spiriti huwakumbusha wengine sindano. Mimi hunikumbusha meza ya jikoni kwetu Tukuyu, na mama akiponda poda yake kwa mgongo wa kijiko.

Nilikuwa na miaka tisa. Ilikuwa ile poda ngumu ya kwenye kikopo bapa chenye kioo, na mama aliipaka Krismasi na harusini tu. Jumamosi hiyo tulikuwa tunakwenda Masoko kwa babu, baba yake mama, nami nikaifungua ili nijitazame. Ikaniponyoka, ikapiga saruji, ikawa unga na vipande.

Nilisubiri kofi. Mama alichuchumaa kando ya vile vipande, akasema, "Lete kile kichupa cha spiriti. Siendi kwetu nimefubaa."

Tuliikusanya yote, pamoja na mchanga kidogo, nadhani. Akaiponda, akadondoshea spiriti, akakoroga hadi ikawa kama uji mzito, akaishindilia kikoponi kwa kifuniko cha chupa alichokivika kitambaa safi. Ikabaki kukauka. Sasa, kukausha kitu Tukuyu ni majaliwa. Mvua ilikuwa inanyesha tangu juzi. Nikapewa kazi ya kuipepea kwa daftari langu la hesabu, nikapepea hadi mkono ukafa ganzi. Ilipokauka ilikuwa na ufa mmoja tu. Mama akajipaka taratibu, chini ya macho zaidi, nami nikajua nimesamehewa.

Tulimkuta babu barazani, anachambua maharage. Nikapiga magoti kumwamkia, lakini yeye alikuwa anamtazama mama.

"Ugonile, mwanangu," alimsalimu kwa Kinyakyusa. "Mbona unang'aa hivyo! Nilikuwa nasikia maneno ya watu juu ya nyumba yako. Kumbe uongo mtupu."

Mama akacheka. "Watu hawakosi la kusema, baba."

Basi. Tukala ndizi, tukafungiwa parachichi, jioni tukarudi. Njia nzima nilijisifu kimoyomoyo kwamba nusu ya ule urembo ilikuwa kazi yangu.

Nilikuwa nimeshaolewa mama aliponieleza, huku akimenya viazi, kwa sauti ya mtu anayesimulia mambo ya jirani. Siku ile alikuwa amekwenda kumwomba babu atupokee, yeye na mimi, maana ndoa ilikuwa imemshinda. Chini kabisa ndani ya mfuko tuliobeba kulikuwa na nguo zetu za kubadilisha. Alijipaka poda ili asimtie mzee uchungu kabla hajasema neno. Alipoona babu alivyofurahi, neno likamkwama. Akakaa kwa baba yangu miaka sita mingine.

Nilimuuliza kama aliwahi kunilaumu.

"Nikulaumu kwa lipi?" alisema. "Wewe uliivunja tu. Mimi ndiye niliyeitengeneza."